Muulize Mwalimu: Hotuba ya Antony na maharage ya bwenini

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba nimepanga upya kabati nikakuta kile kitabu cha Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, nilichosomea kidato cha tatu, jalada limeliwa na mchwa nusu, nikawauliza nyie wenzangu mnakumbuka tamthilia gani ya Kiingereza ya shuleni. Jamani mmeandika! Wengine kurasa nne. Nimechukua barua tano, zilizobaki zisubiri, na wewe uliyenitumia picha ya daftari lako la mwaka 1974 nimeliona, mwandiko mzuri kuliko wangu.

Shikamoo mwalimu. Mi nilisoma miaka ya tisini, kwetu tamthilia ilikuwa mwalimu anaandika dhamira ubaoni sisi tunanakili, mtihani ukiisha umesahau mpaka jina la mhusika. Sikuwahi kuona utamu wake. Wewe uliipenda ipi na ilikukolea vipi? – Msomaji, Morogoro

Marahaba mwanangu. Pole kwa kunakili, na nakiri hata mimi nilipokuja kufundisha kuna miaka niliwafanyia wanafunzi hivyohivyo, mtihani umekaribia, madarasa mawili, vitabu sita, utafanyaje.

Yangu mimi ni Julius Caesar na sababu yake ni maharage.

Mwaka 1967 nilikuwa kidato cha tatu kwenye shule moja ya bweni ya wavulana, huko kusini, na mtihani wakati ule ulikuwa wa Cambridge, yaani karatasi inasafiri kutoka Uingereza kuja kumuuliza mtoto wa mkulima wa korosho eti Brutus alikuwa mtu wa namna gani. Vitabu vilikuwa 12 na sisi tuko 35. Kwa hiyo mwalimu wetu akaona isiwe tabu, hatusomi kimyakimya, tunasoma kwa sauti tumesimama, kila mtu na mhusika wake, na aliyekosa mhusika basi ni raia wa Roma, kazi yake kupiga kelele. Mi nilikuwa raia wa tatu. Nilipiga kelele muhula mzima.

Kwa ambao hamjaisoma: Caesar amekuwa mkubwa mno pale Roma, wenzake wanaogopa atajifanya mfalme, wanakula njama wanamchoma visu, ile tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo. Aliyewapa heshima wale wauaji ni Brutus, mtu safi kweli, rafiki wa marehemu. Brutus anapanda jukwaani kuwaeleza wananchi, anasema nilimpenda Caesar ila Roma niliipenda zaidi, watu wanamshangilia. Halafu hapo anafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma kama vile ni mjomba wangu, anamruhusu Antony, mshikaji wa Caesar, aongee baada yake, na yeye mwenyewe anaondoka zake. Unamwachia mpinzani maiti na umati halafu unaenda nyumbani!

Antony ameambiwa asiwalaumu wauaji, na kweli hawalaumu. Anachofanya ni kurudia tu kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Caesar alileta mateka wengi Roma, fidia yao ikajaza hazina, lakini Brutus anasema alikuwa na tamaa, na Brutus ni mtu wa heshima. Caesar alipewa taji mara tatu akalikataa mara tatu, lakini Brutus anasema alikuwa na tamaa, na Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza unaitikia ndiyo, mara ya tatu unaanza kumtazama huyo Brutus kwa jicho la pembeni, mara ya nne hilo neno heshima limeshageuka tusi. Kisha anachomoa wosia wa Caesar, anawaonyesha, anasema hapana siwezi kuwasomea, mtaumia bure. Wanamlilia usome, usome. Hasomi kwanza. Anashuka, anafunua lile vazi la marehemu lenye matundu, hapa alipita Cassius na kisu chake, hapa Casca, hapa Brutus mpendwa. (Mwalimu wetu akatusimamisha pale, akauliza Antony kajuaje tundu la nani ni lipi wakati Caesar anachomwa yeye alishavutwa nje kijanja? Darasa zima kimya. Tulikuwa tumeshalia na tumeshaamini.) Mwisho kabisa ndo wosia: kila raia drakma 75 (pesa za wakati ule), na bustani zake kando ya mto Tiber ziwe za watu wote. Hapo mji unawaka moto.

Sasa maharage. Bwaloni kwetu maharage yalikuwa na wadudu, si mdudu mmoja wa bahati mbaya, unaokota unapanga pembeni ya sahani unahesabu. Jioni moja jamaa yetu mmoja, ambaye darasani ndo alikuwa Antony, akapanda juu ya benchi na sahani mkononi. Akasema ndugu zangu, sikuja kumlaumu mtunza stoo, nimekuja kula tu. Mtunza stoo anasema maharage haya ni mapya, na mtunza stoo ni mtu wa heshima. Akaokota mdudu akamwinua juu kwenye taa. Huyu hapa nimemkuta kwenye sahani yangu, lakini mtunza stoo anasema maharage ni mapya, na mtunza stoo… na bwalo zima, watu kama mia tatu, tukamalizia kwa pamoja NI MTU WA HESHIMA. Nawaambia nyie, mi mpaka leo nikikumbuka nywele zinasimama. Sahani zikaanza kugongwa mezani, kaka mkuu anapiga kengele hakuna anayesikia, mara ugali unaruka.

Asubuhi mstarini tukachaguliwa 10 kama mfano, mi nikiwemo (raia wa tatu!), tukapewa kisiki cha mwembe tukitoe mpaka mzizi wa mwisho. Siku tatu. Siku ya pili mwalimu wa Kiingereza akaja pale na ndoo ya maji ya kunywa, akakaa juu ya mzizi, akamtazama Antony wetu, akasema umekosea sehemu moja tu, hukuwa na wosia. Umewapandisha hasira hukuwaambia waende wapi nayo, ndo maana wamerusha ugali. Akanyanyuka akaondoka. Maharage yalibadilishwa wiki iliyofuata, ila sina uhakika kama ni sisi au ni gunia lilikuwa limeisha.

Kwa hiyo mwanangu, nimejibu swali? Tafuta hata watu wanne, someni kwa sauti sehemu ya tatu onyesho la pili, na msiishie kwenye hotuba, endeleeni lile onyesho fupi linalofuata, wale watu wenye hasira wanakutana njiani na mshairi anaitwa Cinna, jina moja na muuaji mmojawapo. Anawaambia mi ni Cinna mshairi, si yule. Wanasema haidhuru, jina linatosha, tena mashairi yake mabaya. Wanamrarua. Sisi darasani tulicheka. Miaka mingi baadaye nilimwona mtu akiitiwa mwizi pale Kariakoo, nikamkumbuka Cinna, na kicheko kile kikanirudia vibaya.

Mwalimu shikamoo, niko kidato cha tano Mwanza, nataka kusoma Shakespeare mwenyewe si kwa ajili ya mtihani lakini Kiingereza chake kinanishinda ukurasa wa kwanza tu. Nianze na ipi? – Kijana wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza)

Marahaba. Anza na Macbeth. Ni fupi kuliko tanzia zake zote, yaani zile tamthilia zinazoishia kwenye msiba, Hamlet ni karibu mara mbili yake, na hadithi haikupi nafasi ya kusinzia: jemadari anaambiwa na wachawi watatu kwamba atakuwa mfalme, mkewe anamwambia sasa unangoja nini, mfalme anakuja kulala kwao usiku huohuo. Mtu wa Kanda ya Ziwa huhitaji kuelezwa habari za waganga na ahadi zao zenye mtego. Wanamwambia hutaguswa mpaka msitu utembee, anatulia, msitu ukatembea, kumbe askari wamekata matawi wamejifunika nayo.

Na usione aibu kusoma kwanza kwa Kiswahili. Samuel Mushi aliitafsiri, Makbeth, ikatoka mwaka 1968, na mwaka uliofuata akatoa Tufani. Ulizia kwenye maktaba ya mkoa, maduka sina matumaini nayo. Kama unadhani Shakespeare hakai kwenye Kiswahili, mwaka 2012 pale ukumbi wa Globe London walialika vikundi vya kila pembe, tamthilia 37 kwa lugha 37, Kiswahili kikapewa The Merry Wives of Windsor, na yule mzee mnene tapeli Falstaff alichezwa na Mrisho Mpoto wetu huyuhuyu wa wimbo wa Mjomba. Wazungu wamekaa wanacheka Kiswahili wasichokijua.

Habari mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Mbagala. Shuleni tulikuwa na kile cha Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi, nilicheza kama karani wa mahakama na nilikuwa na mstari mmoja tu. Juzi wamekuja kwangu wale wakopeshaji wa riba kubwa, wa kausha damu, kuchukua friji la soda, nikamkumbuka yule Shylock na kisu chake anakinoa mahakamani. Swali langu, kwa nini Nyerere aliwaita mabepari, na bepari mwenyewe ni yupi pale? – Mama lishe, Mbagala

Marahaba mama, na pole sana kwa friji. Swali lako hilo walimu wengi wangelikosea.

Kwa Kiingereza jina ni la mtu mmoja, mfanyabiashara wa Venice, na kila mwaka kwenye mitihani niliyosahihisha nilikuta watoto wameandika kwamba huyo ni Shylock, mkopeshaji. Siyo. Ni Antonio, yule mwenye meli, mtu mwema wa hadithi, aliyekopa dukati 3000 (sarafu za huko) kwa miezi mitatu ili rafiki yake Bassanio apate nauli na suti ya kwenda kumposa binti tajiri. Nyerere alipoitafsiri, ikatoka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, angeweza kuandika mfanyabiashara, au tajiri, neno lipo. Akaandika bepari, na akaliweka katika wingi. Yaani kwa neno moja la kwenye jalada kawakamata wote, anayekopesha, mwenye meli, hata huyo bwana harusi anayeenda kuoa hazina. Mi naona hiyo ndo tafsiri ya kijanja kuliko zote alizofanya, na hata hajaanza ukurasa wa kwanza. Julius Caesar alishaitoa 1963 akiwa Rais wa nchi changa kabisa, jina la jalada likiwa Julius Caezar, akairudia 1969 akaiandika Juliasi Kaizari, ukitazama hayo majalada mawili unaona hata herufi zimepata uhuru. Mtu anaongoza nchi mchana, usiku anatafuta maneno! Na yeye mwenyewe ni Julius, ila hilo tuliache.

Kuhusu kausha damu, hapa mama umenichekesha na kunihuzunisha pamoja, kwa sababu kesi nzima ya Shylock iliangukia kwenye damu. Mkataba unasema akishindwa kulipa kwa siku yake, Antonio akatwe ratili moja ya nyama, karibu nusu kilo, popote mkopeshaji atakapo. Meli zinaripotiwa zimezama, siku inapita, Shylock anataka haki yake. Na kumbuka hakuomba hata senti moja ya riba! Wale wako wa Mbagala riba inatoka kwanza, hujaishika hela mkononi umeshakatwa ada ya fomu. Shylock alitaka nyama tu, kwa sababu Antonio alikuwa akimtemea mate sokoni na kumwita mbwa kwa kuwa ni Myahudi, na akikopesha watu bila riba anamharibia soko. Portia, yule binti tajiri, anaingia mahakamani kajifanya wakili mwanaume, anasoma mkataba neno kwa neno, anasema sawa, kata. Ila umeandikwa nyama, haukuandikwa damu. Tone moja likidondoka, mali yako yote inachukuliwa na serikali.

Sisi tulipiga makofi pale. Nilipoanza kufundisha nikawa sipigi tena. Maana kabla ya hapo Shylock anawauliza wakubwa wa mahakama, nyie mna watumwa mliowanunua, mnawatumia kama punda, nikiwaambia wapeni uhuru mtasema hao ni mali yetu, basi na hii nyama nimeinunua. Hakuna anayemjibu, kwa sababu jibu halipo. Ndo wanamnyang'anya mali, ndo wanamlazimisha abadili dini, halafu wote wanaenda kula bata kwa Portia. Kwa hiyo ukiniuliza bepari ni yupi nitakwambia soma tena hapo kwenye watumwa, halafu uangalie nani yuko kimya.

Kuhusu friji, hilo si la tamthilia: nenda na ile karatasi uliyosaini kwenye msaada wa kisheria, wasikusomee wao, isome wewe au asome mtu wako, na uulize kama waliokukopesha wana leseni ya Benki Kuu. Wapo wasio nayo.

Mwalimu, hivi hukuwahi kupenda ya mtu mwingine zaidi ya huyo Shakespeare? – Msomaji, Dodoma

Nilipenda. She Stoops to Conquer ya Goldsmith, ya mwaka 1773. Kijana anakwenda kujitambulisha ukweni, njiani anadanganywa kwamba nyumba ya mkwe ni gesti, basi anaingia anamwagiza baba mkwe chakula na kumtuma viatu. Nyumbani kwetu angepigwa faini ya mbuzi. Tuliicheza mahafali, aliyekuwa mkwe alicheka jukwaani akashindwa kuendelea, pazia likafungwa kabla ya wakati.

Assalaam aleykum mwalimu. Mimi ni mtu wa Mombasa, Othello twaliifanya zamani. Ticha wetu alikuwa mtu wa bara, akatueleza eti Othello alimpa mkewe leso, leso ikapotea, ndipo akamuua. Sisi kwetu leso ni ile wamama wajifungayo, mbili kwa pamoja, na maneno yake. Klasi nzima twaliona huyu mtu ana haki kukasirika, mke wapoteza leso nzima vipi? Hadi mwaka wa pili ndipo nikajua ni kitambaa cha pua. Je ni sisi tu? – Msomaji, Mombasa

Waaleykum salaam ndugu yangu. Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza. Huku kwetu leso ni hicho kitambaa cha mfukoni, kwenu ni kanga, na asili ni neno moja la Kireno, watu wanasema zile za kwanza zilikuwa vitambaa vimeshonwa pamoja mpaka vikawa nguo.

Ila nyie hamkukosea sana. Kile kitambaa cha Othello si cha kufutia kamasi. Mwenyewe anasema mama yake alipewa na mwanamke wa Misri mwenye uganga, kwamba ukiwa nacho mumeo hatoki, kikipotea mapenzi yamekwisha, na kilifumwa na mwaguzi mwenye miaka 200. Hebu niambie hiyo inafanana na hankachifu au na leso ya Mombasa iliyoandikwa maneno ya kumchoma jirani?

Halafu Othello mwenyewe ni jemadari mweusi, na ndo ile tamthilia wazungu walikaa miaka wakiicheza kwa kujipaka masizi. Mwaka 1833 Ira Aldridge, Mmarekani mweusi, aliicheza ukumbi wa Covent Garden, magazeti ya London yakamshambulia, usiku wa pili ndo ukawa mwisho. Mwaka 1930 Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwingine, akaicheza pale ukumbi wa Savoy, karibu miaka 100 imepita.

Sasa nikupe kitu ukawaambie wale wa klasi yako mliobaki. Tafuta pale kitambaa kinapopotea. Othello anasema kichwa kinamuuma, mkewe Desdemona anachukua kile kitambaa ili amfunge kichwani, Othello anasema hiki ni kidogo, anakisukuma, kinadondoka chini, hakuna anayeona, mke wa Iago, yule msaidizi mnafiki wa Othello, anakiokota, na huyo Iago shetani anakipata. Kidogo mno kwa kichwa cha mwanaume! Ingekuwa leso ya Mombasa ingezunguka kichwa mara mbili na kufungwa fundo, isingedondoka, na Desdemona angeamka asubuhi akapika mahamri.